Maji Yalifika Kwenye Swichi: Shajara ya Mradi, Bonde la Msimbazi

Jumamosi, 2 Septemba 2023

Mwishoni mwa Agosti Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa mwelekeo wa vuli: kuna El Niño, mvua zitazidi wastani. Ofisini tulipeana mikono. Naliandika hili kwa aibu, lakini mradi wa mafuriko usiopata mvua ni kama fundi miavuli wakati wa kiangazi. Wanaoishi bondeni hawakupeana mikono na mtu.

Kwa anayeanza kusoma hapa: tuko wanne, watafiti wawili na wasaidizi wawili. Tunafanya kazi kwenye mtaa mmoja wa kata ya Hananasif, Kinondoni, pale Mto Msimbazi unapokaribia mikoko na Daraja la Salender kabla ya kuingia baharini. Mto unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kote huko unazoa mchanga, taka na maji ya mitaro ya watu wengine. Ukifika kwetu umeshiba. Jina la mtaa siliandiki. Sababu itaonekana Oktoba.

Kwenye andiko la mradi kazi yetu inaitwa "kuwezesha ushiriki wa jamii katika maamuzi kuhusu hatari za mazingira". Mtendaji wa mtaa aliisoma barua yetu yenye mihuri ya kutoka juu hadi kwake, akaikunja, akauliza, "Kwa hiyo mtakusanya maoni ya wananchi. Halafu?"

Hiyo "halafu" nimeiandika kwenye ubao wa ofisi kwa herufi kubwa.

Jumatano, 20 Septemba 2023

Leo tumechora kalenda ya maamuzi badala ya kalenda ya utafiti, na zimegombana. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi. Ombi la mtaa hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha manispaa, na mwaka mpya wa kalenda ukishaanza kuchanganya milango ya bajeti inakuwa inafungwa. Ripoti yetu, kwa mujibu wa mkataba, inatoka Juni. Yaani tungewapa wananchi matokeo mazuri yaliyopigwa chapa rangi, wiki mbili kabla ya bajeti waliyotakiwa kuigusa kuanza kutumika bila wao.

Tumegeuza mpango. Chochote cha maana lazima kiwe kwenye karatasi kabla ya Desemba kwisha. Mfadhili kauliza kwa nini uchambuzi unatangulia ukusanyaji wa data kukamilika. Nimemjibu kwa kirefu mno.

Jumamosi, 7 Oktoba 2023

Tumeanza kupima. Swali ni moja: maji yalifika wapi? Tulikuja na fomu yenye visanduku vya sentimita, na kufikia nyumba ya tatu fomu ilikuwa imeshakufa. Hakuna anayekumbuka mafuriko kwa sentimita.

"2011 yalifika kwenye swichi. 2018 kwenye soketi."

"Kwetu kitasa."

"Mimi kitanda kilielea, godoro likabaki kavu juu. Nililala nacho mpaka asubuhi kama mtumbwi."

Bibi mmoja alisimama, akaweka kiganja juu kidogo ya kitovu. "Hapa. Na huyu nilikuwa nimembeba." Huyu ni kijana aliyeanza kuota ndevu, amekaa mlangoni anachezea simu. Hakuinua macho, hadithi ameshaisikia. Tukapitisha futi ukutani kutoka sakafuni hadi kwenye kiganja, tukaandika.

Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo rula ya kila mtu hapa. Jijini walikufa zaidi ya watu 40, na kaya nyingi za bondeni zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na kibarua, mbali na soko. Wengine walikaa, wengine walirudi. Ukitaka kujua mtoto ana umri gani, mama anakwambia alizaliwa kabla ya maji au baada ya maji.

Jioni msaidizi wetu akatoa wazo: tuweke mstari ukutani pale maji yalipofika, ili wapangaji wapya waone. Ni wazo zuri, bado nasema hivyo. Duka la vifaa la barabarani lilikuwa na kopo dogo la rangi nyekundu. Tukanunua. Mpaka giza linaingia tulikuwa tumepiga mistari kumi na moja.

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Simu ya mwenyekiti wa mtaa, saa kumi na mbili asubuhi. "Mwalimu, mmewapaka watu nini?"

Nilipaswa kujua, mimi niliyekulia Kinondoni. Desemba 2015 nyumba za bondeni, Mkwajuni na jirani zake, zilibomolewa, na kabla ya tingatinga ilitangulia alama ya X kwa rangi nyekundu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hapa kila mtu anaijua hiyo 60, hata asiyejua sheria ni nini. Sasa wanakuja watu wa chuo, wana futi, wana fomu, wanapaka nyekundu.

Tulimkuta mzee mmoja anakwangua ukuta wake kwa kisu. Alianza usiku. Alikuwa ameshatoa plasta yote upana wa mkono, tofali linaonekana, na bado anakwangua. "Shikamoo mzee." Alijibu marahaba bila kugeuka. Nyumba nyingine hawakutufungulia. Dalali mmoja alikuwa ameshamshauri mtu auze chumba na ukumbi kabla bei haijaanguka.

Siku nzima tumekwangua na kuomba radhi. Sina uhakika wa lipi limewatuliza zaidi, radhi au kutuona tunatoka jasho.

Jioni tumekubaliana mambo mawili. Jina la mtaa na namba za nyumba hazitoki kwenye daftari letu, kwa yeyote. Ramani inayoonyesha maji yanafika wapi ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha nani wa kuondolewa. Ni suala la nani ameishika. La pili: alama zikirudi, rangi watachagua wenyewe.

Jumapili, 15 Oktoba 2023

Rangi imejadiliwa dakika arobaini, mjadala mchangamfu kuliko wowote tuliowahi kuuitisha. Kijani ni ya chama. Njano vilevile. Buluu nayo ina chama chake. Nyeusi msiba. Wameamua chokaa: haina chama, kila nyumba inayo, na mvua ikiiosha mwenye ukuta anaamua kama anairudishia au la. Kipengele hicho cha mwisho sisi tusingekifikiria.

Jumapili, 12 Novemba 2023

Mkutano wa mtaa. Viti vya plastiki, spika ya kukodi, ramani kubwa ukutani. Ramani hatukuanza na karatasi tupu: tangu 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata nyingi za Dar wamechora nyumba, njia na mitaro chini ya mradi wa Ramani Huria, ikawekwa kwenye OpenStreetMap kwa yeyote kuitumia. Tumechapisha kipande chetu na kuongeza vimo vya maji.

Hoja iliyotawala ni mtaro mkuu upanuliwe. Karibu wote walionyoosha mkono waliunga. Nilikuwa naandika "makubaliano" kwenye daftari pale mzee wa kisu, ndiye huyo huyo, alipoomba kusema.

"Mtaro huu tumeuchimba sisi, miaka ya 90, mradi ulipokuja. Mimi nilibeba zege. Unatoa maji vizuri. Lakini mto ukijaa, nao bahari iko kwenye bamvua, maji ya mto hayana pa kwenda. Yanapanda na mtaro yanarudi huku. Mkiupanua, mnaupanulia mto njia ya kuja kwetu."

Kimya. Halafu kelele. Mwenzangu mhandisi akaniandikia kwenye kona ya daftari: yuko sahihi. Maji ya bahari hapa Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, na mdomo wa mtaro uko chini kuliko huo mto ukishajaa. Mtaro wenyewe hauna kosa. Mdomo ndio unaohitaji mlango, bati zito linalofunguka upande mmoja tu, maji yatoke yasirudi. Kazi yake yote ni ndogo kuliko kupanua hata nusu ya mtaro.

Kilichonikera nilikiona baadaye, kwenye karatasi ya mahudhurio. Karibu wote ni wenye nyumba. Na wenye nyumba wengi hawalali bondeni. Wanalala Goba, wanalala Mbezi, wanakuja kuchukua kodi. Wanaolala kwenye maji ni wapangaji, waliolipa miezi sita mbele, ambao Jumapili saa nne wako gengeni au kwenye kibarua. Tuliita jamii, ikaja hati miliki. Kama hizo hati zipo.

Jumanne hadi Alhamisi, 14–16 Novemba 2023

Tumeacha spika. Tunazunguka uani kwa uani saa mbili usiku, watu wakiwa wamerudi. Ramani tunaitandika chini juu ya mkeka, kila mtu anapewa punje kumi za maharage aweke panapomtisha, nyingi panapomtisha zaidi. Mbinu ya zamani, haina maajabu, ila ina faida moja: mdomo ukiona haya, mkono unasema.

Nilitegemea maharage yajae mtoni na kwenye mtaro. Uani wa pili, dada mmoja anayeuza chapati alizishika punje zake kumi, akazunguka ramani, akaziweka zote kwenye uchochoro mmoja katikati ya nyumba. Pakavu. Mbali na mto.

"Hapo kuna nini, dada?"

"Geti."

Kwenye ramani uchochoro uko wazi, na ulipochorwa ulikuwa wazi kweli. Baadaye mwenye nyumba wa kona aliweka geti la chuma kwa sababu ya vibaka. Saa nne usiku linafungwa kufuli. Kutoka vyumba vya chini hiyo ndiyo njia pekee ya kupandia barabarani bila kukatisha mtaro. Maji yakija saa nane za usiku, unabeba mtoto mpaka getini, unagonga, unasubiri mtu aamke. 2018 walisubiri.

Uani wa tatu na wa nne nao wakaweka pale pale. Mhandisi wetu alikuwa na michoro ya hali ya mto kwa mvua za miaka hamsini. Kufuli halikuwemo.

Jumanne, 5 Desemba 2023

Juzi Jumapili tope la Mlima Hanang limeifunika Katesh. Simu zote za uani zina video hizo. Leo hakuna aliyetaka kuweka maharage. Tumekaa tu, tumekunywa chai, tumeondoka.

Ombi la mtaa limekwenda kata Ijumaa iliyopita, na muhtasari na mhuri: mlango wa mtaro, kwanza, kuzibua kalvati, pili. Geti hawakuliandika. "Hilo si la manispaa," mjumbe alisema. "Hilo ni la kwetu na Mama."

Jumamosi, 13 Januari 2024

Mama ni mwenye geti. Nilijiandaa kumkuta mkorofi. Nimemkuta mjane anayeishi peke yake na mjukuu, aliyeibiwa televisheni mara mbili na mara ya pili alikatwa mkono. Alituonyesha kovu kabla hatujakaa.

"Wanangu, mimi sizuii mtu kujiokoa. Lakini mwizi akiingia, mtanilipa ninyi wa chuo?"

Sikuwa na jibu, na mwenzangu akafanya kosa la kuanza kueleza mradi. Mjumbe akamkatiza kwa adabu, akahamishia mazungumzo kwenye sukari imepanda bei. Nusu saa ya sukari na marehemu mume wake. Kisha, kama vile anakumbuka jambo dogo, mjumbe akasema: kufuli libaki lake, ila zichongwe funguo tatu, zikae na watu watatu anaowachagua yeye mwenyewe, wapangaji wa chini. Kikipotea kitu, wale watatu wanajulikana.

Mama akafikiri. "Yule wa chapati, ndiyo. Fundi cherehani, ndiyo. Yule kijana wa bodaboda, hapana." Wa tatu akawa mwalimu wa madrasa.

Kuchonga funguo tatu kumegharimu chini ya nauli yetu ya siku ile. Sijui niweke kwenye safu gani ya ripoti ya fedha.

Ijumaa, 16 Februari 2024

Ombi la mlango wa mtaro limerudi. Si kwamba limekataliwa. Halina makadirio ya gharama yaliyosainiwa na mhandisi, na bila hayo haliwezi kuingizwa popote. Mhandisi tunaye. Anakaa meza ya pili kutoka kwangu. Tulishughulika na maoni ya wananchi kwa miezi mitano, tukasahau ukurasa mmoja wa namba ambao ni sisi tu tungeweza kuuandika. Kosa ni letu na nimemwambia mwenyekiti hivyo hivyo. Akacheka, cheko lisilo na furaha: "Basi mwakani, mwalimu."

Mtendaji alituuliza "halafu" tangu Septemba.

Kuna na jingine linalozorotesha. Mradi mkubwa wa bonde, wenye mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2022, umeshaanza tathmini za mali sehemu za chini za mto. Anayesubiri fidia hataki kununua hata kiroba cha mchanga. Anayejua hatalipwa, kwa kuwa ni mpangaji, ndiye anayeuliza mlango wa mtaro umefikia wapi. Tulikuwa tukiandika "wakazi" kama vile ni mtu mmoja.

Jumamosi, 2 Machi 2024

Kazi ya leo ni ndogo na nimeifurahia. Tumetengeneza kalenda ya ukutani ya masika, tukitumia jedwali la maji la bandari. Mzee wa kisu ndiye aliyeisimamia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tumeziwekea duara jeusi. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, tumeziacha tupu. Chini kuna nafasi ya kuandika kwa mkono: Pugu leo?

Maana mto huu unaweza kujaa bila tone kuanguka Hananasif. Fundi cherehani ana shemeji yake Pugu. Kila kukinyesha sana anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wasapu la mtaa. Kanuni wameitunga wenyewe: Pugu inanyesha na duara ni jeusi, watoto wanalala na viatu karibu, na geti linafunguliwa saa nne badala ya kufungwa. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inasema mkoa mzima. Hii inasema uchochoro.

Alhamisi, 25 Aprili 2024

Naandika saa tano asubuhi, sijalala. Mwezi ulikuwa mpevu jana. Duara jeusi.

Saa mbili usiku shemeji wa Pugu alituma sauti. Hakusema neno, aliishikilia simu tu tusikie bati. Saa nne na nusu dada wa chapati akafungua geti, akaliegemeza tofali. Saa nane maji yakaanza kupanda kupitia mtaro, kwa nyuma, kama mzee alivyosema, huku mvua ya hapa imeshakata. Yalipanda taratibu, yana povu na harufu ile. Yakafika kwenye soketi za vyumba vya chini. Hayakufika swichi.

Watu walipita uchochoroni na watoto, magodoro, jiko la gesi, na kuku mmoja aliyegoma. Hakuna aliyegonga geti. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake na tochi, na sidhani alikuwa anamulika njia. Alikuwa anahesabu nani anaingia. Yote mawili yaliwezekana kwa tochi moja.

Leo Waziri Mkuu amelieleza Bunge kwamba mvua za msimu huu zimeshaua watu 155 nchini. Mtaa huu haumo kwenye namba hiyo. Siwezi kusema ni kwa sababu ya ufunguo, na kwenye ripoti sitasema. Maji hayakufika swichi.

Jumamosi, 4 Mei 2024

Kimbunga Hidaya kimefika pwani. Tangu juzi kundi la wasapu halilali: picha za mawimbi za nchi nyingine, mahubiri, mtu anauza tochi. Mzee kaandika mstari mmoja tu: "Kalenda iko tupu wiki hii, maji mafu." Hakumaanisha watu wapuuze, geti lilifunguliwa usiku kucha vilevile. Upepo umeng'oa mabati mawili. Mto haukurudi.

Jumamosi, 29 Juni 2024

Siku ya mwisho ya fedha za mradi. Makadirio ya mlango wa mtaro yamesainiwa, yako kwa mtendaji, yanasubiri mzunguko wa mwaka ujao. Nakala mbili, moja kwa mzee. Ripoti nayo imetoka na rangi zake.

Nilikwenda kuaga, nikakuta dada wa chapati anafunga mizigo. Kodi imepanda, anahamia Tandale kwa dada yake. Alinivuta pembeni akanipa ufunguo. "Shika wewe, mwalimu. Wewe hutahama."

Nimekataa. Mimi usiku nalala Sinza. Tukasimama pale, ufunguo kiganjani mwake, tunahesabu majirani: huyu Mama hatamkubali, yule harudi mpaka saa saba, yule mwingine ndiyo kwanza kahamia Jumatano na hajui hata mtaro uko wapi. Mwishowe aliuingiza kwenye uzi, akautundika kwenye msumari pale kibandani kwake, pembeni ya kalenda, akamwambia aliyekipangisha kibanda kwamba atakayekuja kuuza hapa, auze chapati auze vocha, ufunguo ni wake. Mjumbe amekwenda kumwuliza Mama kama hilo linakubalika. Nilipoondoka alikuwa hajarudi.